Jeraha Lisilopona na Saratani ya Matiti

Mwanamke aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti huondoka kliniki akiwa na tarehe ya kurudi na swali moja moyoni: je, itarudi? Sisi watoa huduma humjibu kwa vipimo na dawa, na ndivyo ipasavyo. Lakini lipo jambo tunalomweleza kwa nadra, nalo ni inflamesheni sugu.

Kwa asili yake, inflamesheni ni ulinzi. Mtu akijikata kidole, mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimekusanyika kuua vijidudu na kuponya jeraha. Kazi ikiisha, hutawanyika. Zisipotawanyika, ulinzi hugeuka madhara. Mwaka 1986 mwanapatholojia wa Marekani, Harold Dvorak, aliufananisha uvimbe wa saratani na jeraha lisilopona. Ndani ya uvimbe huo, chembe hizo huweza kutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya ya damu kuota na kuzisaidia seli za saratani kusafiri hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Huko, seli chache huweza kulala kwa miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa moshi wa tumbaku, kwa kusababisha inflamesheni ya kudumu katika mapafu ya panya, uliziamsha seli za saratani ya matiti zilizolala humo. Panya si binadamu, lakini onyo hilo si la kupuuzwa. Unene uliokithiri nao huendeleza inflamesheni katika mafuta ya mwili.

Je, mgonjwa ameze basi dawa za kupunguza inflamesheni? La. Jaribio lililochapishwa mwaka 2024, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuonesha kuwa aspirini ya kila siku huzuia saratani ya matiti kurudi. Nayo aspirini huweza kuvujisha damu tumboni. Wala mitishamba isichukue nafasi ya tamoksifeni aliyoandikiwa mgonjwa.

Rai yangu kwa watoa huduma wenzangu ni kwamba, katika kila hudhurio, tuulize habari za sigara, uzito na mazoezi kama tunavyouliza habari za maumivu. Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Maliza dawa zako, epuka moshi wa sigara, hata wa wenzako nyumbani, na utembee kila siku kadiri ya nguvu zako. Hatuwezi kukuahidi kwamba saratani haitarudi, ila tunaweza kuacha kuuchokonoa mwili unaojitahidi kupona.