Eti Zote Ziko YouTube

Mwezi uliopita nilikuwa Kilindoni, nyumbani kwa marehemu baba, nikipanga kanda zake za muziki. Ziko 118. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na shangazi alishachoka nazo. "Mwanangu, yatoe haya makorokoro, panya wanazalia humo." Kijana wa jirani aliyekuja kunisaidia kulivuta sanduku akaongeza lake: "Kaka, unajisumbua bure. Hizi zote ziko YouTube."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, hata kwa wasomi wenzangu mjini. Naomba niseme wazi: si kweli, na inatugharimu.

Ukweli uliomo ndani yake naukubali. Nilipozitenga kanda kwa mafungu, fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la majina tunayoyajua sote: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Mlimani Park, Msondo, Franco na TPOK Jazz, Shakila na Black Star ya Tanga. Hapo kijana yuko sahihi. Nyingi zimo mtandaoni, tena kwa sauti safi kuliko kanda zetu ambazo hewa ya chumvi imezila mpaka zikaota ukungu. Zimo kwa sababu zilikuwa na walezi. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, nyingine zikatoa santuri kupitia Nairobi, na mashabiki wakazitunza. Nami nikizihamishia kwenye kompyuta, nitakuwa wa elfu moja kufanya hivyo.

Fungu la pili lina maandishi ya baba, kwa kalamu ya biki: "Harusi Jibondo 86." "Maulidi Kirongwe." "Ngoma ya akina Shangazi." La tatu, kanda 31, halina maandishi kabisa. Humo kuna nusu ya taarifa ya habari, kisha watu wanacheka, kisha ngoma inaanza. Kuna ami yangu aliyekuwa Muscat, ametuma barua kwa kanda, anasalimia mmoja mmoja kwa dakika ishirini na nyuma yake taarabu inalia. Nimezitafuta sauti hizi YouTube. Hakuna hata moja.

Sasa angalia tunavyochambua vitu vya wazazi wetu. Kanda yenye jina kubwa tunaiweka pembeni, "hii dhahabu". Isiyo na jina tunaitupa jalalani. Tunafanya kinyume kabisa! Tunaokoa kilichokwisha kuokolewa, tunazika kilichobaki nakala moja tu duniani.

Historia ilishatuonyesha. Siti binti Saad tunamsikia leo kwa sababu mwaka 1928 kampuni ya santuri ilimrekodi Bombay, kwa biashara zake. Wanawake wangapi wa pwani waliimba miaka ile ile, na hakuna kampuni iliyowahitaji? Kipaji chao hatuwezi hata kukibishania, kwa sababu hatuna cha kusikiliza. Ila kizazi cha baba zetu kilikuwa na kitu ambacho kizazi cha Siti hakikuwa nacho: redio kaseti. Mvuvi wa Jibondo aliweza kurekodi harusi ya binti yake bila kuomba ruhusa ya kampuni wala ya serikali. Hiyo ndiyo maktaba ya wasioalikwa studio, na sisi warithi wake tunaiita makorokoro.

Mimi si msafi. Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 13, nataka kurekodi nyimbo za Juma Nature redioni, sina hela ya kanda tupu. Nikachukua moja ya baba. Alikuwa ameshavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Nikaziba matundu kwa karatasi niliyoitafuna, nikabonyeza. Safari hii nimeikuta kanda ile. Juma Nature anaimba, mtangazaji anamkatiza, anaimba tena. Mwishoni kabisa, pale nilipozima, anasikika bibi yangu akimalizia ubeti, wanawake wanapiga vigelegele, halafu mkanda unakwisha. Sekunde chache tu. Wakati ule bibi alikuwa ameshafariki, na kanda nyingine yenye sauti yake sijaiona.

Juma Nature yuko YouTube. Bibi hayuko.

Baba hakunigombeza. Labda hakujua, labda alijua akanyamaza. Lakini mtu mzima anayetupa sanduku zima leo hana kisingizio cha utoto.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Nakubali nusu. Mafia tunajua maana ya kulinda: Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na wageni wanavuka bahari kuja kumwona papa potwe. Kama tumeweza kumtengea samaki sheria, tunashindwaje kuwatengea waimbaji kabati? Halmashauri zina maofisa utamaduni. Nadai kila mmoja awe na redio kaseti nzima, kompyuta, diski mbili za kuhifadhia, na daftari. Hayo hayahitaji mfadhili wala semina.

Nusu nyingine ni yetu. Kanda ya dakika 60 inahamishwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato. Zangu 118, nikikadiria saa moja kwa kila moja na nikifanya saa nne kwa siku, ni karibu mwezi. Kazi inachosha, ila inawezekana.

Na tusije tukatoka shimo moja tukaingia jingine. Kuhifadhi si kurusha mtandaoni. "Ngoma ya akina Shangazi" nilipoiweka, shangazi alikuja mbio toka jikoni: "Zima! Hiyo si ya kusikilizwa na wanaume." Nikazima. Nyimbo za unyago zina wenyewe, na wenyewe ndio watakaosema nani azisikie. Kanda ile nimemkabidhi yeye, na binti yake ndiye atakayeihamisha.

Lakini kilichonitisha zaidi ni ile ya Jibondo. Shangazi alikaa kitako, akasikiliza, akaanza kutaja: huyu mpiga ngoma ni fulani, huyu anayeitikia ni mke wa fulani, huyu anayekohoa ni babu yako. Mimi peke yangu ningesikia kelele tu. Nikaandika majina kumi na moja kwenye karatasi ya kanda. Kwa mujibu wake, walio hai ni wawili. Na shangazi mwenyewe ana miaka 74.

Kwa hiyo usingoje mashine nzuri wala mradi. Ukienda nyumbani sikukuu ijayo, uliza sanduku liko wapi. Anza na kanda zisizo na jina, na ukae nazo pamoja na mtu anayezijua sauti zile. Sanduku la baba sasa liko juu ya kabati, mbali na panya. Shangazi bado analalamika kwamba linamjazia chumba, ila jana kanipigia simu: amemkumbuka mtu wa kumi na mbili.