Kibarua na Hofu ya Kusema

Neno kibarua halikuanza kwa kumtaja mtu. Lilikuwa barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha siku alizofanya kazi. Baadaye karatasi ikampa jina mwenye kuishika, na leo mtu akifutwa twasema kibarua chake kimeota nyasi.

Mimi nikaaye Kawangware huwaona akina mama kila alfajiri wakishika njia ya Lavington kwa miguu, kufua, kupika na kulea watoto wa watu. Kule Kibera nao vijana kwa wazee hufuata reli kuelekea Industrial Area. Waulize habari za kazi, watakuambia mshahara ni mdogo. Kaa nao kidogo, ndipo utasikia ya matusi. Jirani yangu mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala tajiri wake, huitwa mjinga mbele ya watoto anaowalea. Nilipomwuliza kwa nini hasemi, alinijibu: "Nikisema leo, kesho pana mwingine langoni."

Ni kweli pana mwingine langoni, na kodi ya nyumba haingoji. Wanaomwita mwoga wajiulize wao wangefanyaje.

Hata hivyo, ndugu msomaji, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikunyamaza. Kifungu cha 46 chasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfuta mtu, isipokuwa lalamiko likidhihirika kuwa la ovyo na lisilo na msingi. Kifungu cha 41 nacho chamtaka mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa kosa amweleze kwanza na kumsikiliza, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama pale. (Mwenzake yupi, yeye aliye peke yake jikoni? Hapo sheria ilikuwa ikifikiria kiwanda.) Aliyefutwa ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na akishinda, fidia haizidi mishahara ya miezi 12. Si haba, lakini fidia huja baadaye. Unga hununuliwa jioni hii.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa kumwambia mtu aende tu akaseme. Alamin Mazrui, katika tamthilia yake Kilio cha Haki ya mwaka 1981, alimweka Lanina mbele ya wafanyakazi wa shamba, mwanamke akiongoza wenziwe, si akibisha mlango peke yake. Watumishi wa nyumbani nao wanacho chama, KUDHEIHA, kinachowapokea hata kama kila mmoja ana tajiri wake.

Kabla ya kusema, basi, mtu aweke akiba ya ushahidi: tarehe, maneno yaliyotamkwa, nani alikuwepo. Ujumbe wa M-Pesa wa mshahara usifutwe, kwani waweza kuonyesha kuwa kazi ilikuwapo hata pasipo mkataba wa maandishi.

Jirani yangu amekwisha nunua daftari. Kurasa 4 zimejaa. Hajaamua bado kama atakwenda kwa afisa wa leba au atangoja shule zifunguliwe, karo ya mwanawe ikiwa imelipwa.