Joto la Giaboksi na Hukumu ya Haraka

Barazani Kalundu, na Bin Kavimvira

Gari za Japani zitufikiazo hapa Uvira, usukani wake ukiwa upande usiolingana na barabara zetu, aghalabu huwa na giaboksi ya otomatiki inayoamrishwa na kompyuta ndogo, ambayo mafundi wetu huiita kalkilateri, na ambayo siku hizi imekuwa mshtakiwa wa daima. Gari hutoka mjini asubuhi ikibadili gia bila kasoro, ikavuka bonde la Ruzizi katika hari kali, ikapita Kamanyola, na iingiapo kona za Ngomo kuelekea Bukavu hung'ang'ania gia moja, taa ikawaka. Ikipumzishwa ikapoa, hurejea tabia yake njema. Fundi huchomeka mashine yake, akasoma namba, akahukumu: kalkilateri imekufa, iletwe nyingine.

Hukumu hiyo naikataa, maadamu namba yenyewe haikuulizwa maana yake. P0218 yahusu mafuta ya giaboksi yaliyopita kiasi cha joto. P0634 yahusu joto lililomo ndani ya kompyuta. Na P0700 haisemi ila kwamba kompyuta ya giaboksi imeomba taa iwashwe, basi sababu itafutwe kwingine. Mafuta yakipita nyuzi 120 huharibika upesi, na huenda asili ya adha yote ni rejeta iliyozibwa matope, kwa kuwa katika gari nyingi mafuta hayo hupozwa humo humo. Ziko gari ambazo kompyuta yake hukaa ndani ya giaboksi, ikiungua pamoja na mafuta. Lakini iliyofichwa karibu na abiria haina udhuru huo, na hapo nashuku solenoidi inayovuta umeme kupita kiasi, au plagi zilizolika kutu, hususan kwa gari iliyozama Aprili 2020, siku mto Mulongwe ulipouvamia mji.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuipima gari iliyokwisha kupoa garajini, ambapo kila waya na kila solenoidi huonyesha afya kamili. Na apimwe mgonjwa homa ikiwa juu: mashine isomwe njiani, joto la mafuta na umeme wa betri vikitazamwa pamoja mlima ukipandwa. Fundi asiyekubali kupanda nami Ngomo, mashine yake ikiwa mkononi, simlipi bei ya kalkilateri.