Watoto Wale Kwanza

Watoto walipangwa mstari saa mbili asubuhi. Wageni wa heshima walifika karibu saa saba mchana. Muda wote huo hakuna mtoto aliyepewa hata maji ya kunywa, na kivuli pekee pale uwanjani, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye mikaratusi, kilikuwa kimepangwa viti vya plastiki vitupu ambavyo watoto walikatazwa kuvisogelea. Ilikuwa siku ya proklamasyo, kutangaza matokeo ya mwisho wa mwaka, katika shule moja ndogo ya vilimani upande wa Buraza, nchini Burundi. Jina la shule silitaji, maana haya si ya shule moja. Mwenye mtoto darasani, awe Buraza, awe Makebuko, awe kule Muyinga karibu na mpaka wa Kobero, anayajua.

Niliwaona wavulana wapiga ngoma. Ngoma zao ni madumu ya manjano ya mafuta ya kupikia, na fimbo walikata wenyewe. Mtu aliona vumbi la gari barabarani, wakaamriwa kupiga, gari likapita. Likaonekana vumbi jingine, wakapiga tena; nalo likapita. Wageni walipofika kweli, mikono ya watoto ilikuwa imelegea, na mmoja wa darasa la tano akaanguka chini. Akabebwa nyuma ya darasa. Hotuba zikaanza.

Kulikuwa pia na msichana wa darasa la pili. Alikuwa amefunga vifundoni vizibo vya chupa vilivyotobolewa kwa msumari na kupitishwa kamba ya katani, vinalia kila akikanyaga. Alitolewa kwenye mstari wa wachezaji kwa sababu mama yake hakulipa mchango wa sherehe, faranga 2,000. Mama mwenyewe alikuwepo, na kikapu cha maharage mapya kichwani, kilo tatu hivi, ametoka kuyavuna. Akasema hana pesa, lakini haya hapa maharage. Akajibiwa: hatukusanyi maharage. Sokoni maharage yale yangezidi hizo faranga 2,000, na aliyemjibu analijua hilo kama mimi. Yule mtoto alifungua vizibo kimoja kimoja, akakaa ukingoni mwa uwanja kuwatazama wenzake.

Na mchango wenyewe ulinunua nini? Kuku, mishikaki na kreti za bia za meza moja, ile ya chini ya turubai. Watoto walipata andazi moja kwa wawili, baada ya wageni kunawa mikono.

Sababu tunazijua: umaskini, mashamba yaliyogawanywa hadi kubaki vipande, bei zinazopanda kila wiki, na ule woga wetu wa zamani mbele ya mkubwa. Sitazirefusha. Umaskini haujamlazimisha mtu kumnyima mtoto maji na kivuli. Hilo limeamuliwa na watu wazima, mchana kweupe, huku wazazi wamesimama wanatazama na kupiga makofi.

Ndugu zangu, shule hizi zilijengwa na nani? Mwaka 2005 Rais Pierre Nkurunziza alipofuta ada ya shule za msingi, watoto walifurika hata madarasa yakashindwa kuwabeba. Wananchi wa vilimani ndio waliofyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga kichwani, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika kazi za maendeleo. Baba wengi wa Buraza wanaweza kuuonyesha ukuta waliousimamisha kwa mikono yao. Leo ada iliyofutwa inarudi kwa jina la mchango wa sherehe, na anayeshindwa kuilipa haondolewi shuleni. Anaondolewa kwenye furaha, mbele ya kilima kizima. Kwa mtoto wa miaka minane, lipi linauma zaidi?

Tusisahau pia ni watoto gani hawa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016-2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa kwa lishe duni. Waliopimwa wakati ule ndio waliokaa madarasani miaka hii. Ndio waliosimama juani tangu asubuhi. Kisha siku moja katika mwaka shule inawasha moto na kupika nyama, na wa kwanza kula ni watu wazima waliotoka nyumbani wameshiba. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, mwenyeji akazimia.

Wapo watakaoniambia: basi sherehe zifutwe, pesa zinunue madaftari. Nakataa, na nakataa kwa nguvu. Kwetu nyumba zimetawanyika, kila rugo, yaani boma la familia, na migomba yake. Ukiondoa kanisa, msikiti na soko, uwanja wa shule ndio mahali pekee kilima kizima kinapokutana bila kuwepo msiba. Mama asiyejua kusoma anamsikia mwanawe akikariri kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, lugha nne, na anarudi nyumbani akitembea kwa kichwa kilichoinuka. Majirani wenye kesi ya mpaka wa shamba wanakaa ubao mmoja. Mvulana mkaidi asiyejua hesabu anapewa ngoma ya kuongoza, na kwa mara ya kwanza mwalimu anamtazama kwa heshima. Mambo haya daftari haliyaleti.

Ngoma yenyewe ni urithi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wageni hutoka mbali kwenda Gishora, karibu na mji wa Gitega, kuwaona wapigaji wakiruka na kuzunguka. Lakini mpigaji hazaliwi Gishora. Anaanzia kwenye dumu, katika uwanja wa vumbi kama ule wa Buraza, na akianguka kwa njaa mbele ya watu, kesho hatalishika tena lile dumu. Hata sikukuu kubwa ya mababu zetu, Umuganuro, ambayo Mwami, yaani mfalme, aliisimamia hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ilihusu mbegu na chakula: ngoma zililia ili mtama uote na watu wale. Watu wa leo wanazipiga ngoma ili wakubwa wale.

Basi tufanye nini?

Chakula kiwe cha chungu kimoja, na watoto wale kwanza. Hili ndilo kubwa, mengine yote yanalifuata. Mafiga matatu nyuma ya darasa, sufuria kubwa ya kuazima parokiani au kwa mwenye kupikia harusi, maharage, ndizi, lengalenga, mawese na chumvi. Akina mama waanze alfajiri, lakini kuni na maji vibebwe na akina baba, tena vifikishwe jana yake jioni. Mwenye faranga alete faranga. Asiye nazo alete kilo ya maharage, mkungu, mzigo wa kuni, dumu la maji, au mikono yake. Anayepokea asikatae kitu, na pasiwepo daftari la wadaiwa. Babu zetu waliita ikibiri: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kama tuliweza kulima pamoja vilima hivi vyenye mteremko, tunashindwaje kupika maharage?

Saa ikitangazwa, ishikwe. Kama ni saa tatu, saa tatu watoto waimbe, saa tano wale. Mgeni akichelewa atawakuta wamekula, na atakaribishwa kwa heshima zote kukaa nao. Turubai likiwepo ni la watoto wadogo, na wakubwa wakae chini ya mikaratusi. Bia isiingie uwanjani mpaka mtoto wa mwisho ameondoka. Sisemi watu wasinywe. Nasema pale wanapofundishiwa watoto, siku ya watoto, chupa isubiri.

Majina yasomwe yote. Tumezoea kuwaita watatu wa kwanza, makofi, zawadi, basi, na waliobaki wanatawanyika kama hawakusoma mwaka mzima. Aitwe kila mtoto, na mwalimu amsemee neno moja la kweli: huyu hakukosa siku hata moja mvua ikinyesha, huyu alimfundisha mwenzake kusoma, huyu ana sauti. Shule ndogo ina uwezo huo ambao shule kubwa ya mjini haina. Tuutumie.

Na hesabu zisomwe hadharani, faranga kwa faranga, kilichoingia na kilichotoka, mbele ya kamati ya wazazi na bashingantahe wa kilima. Mzee mwenye heshima ya kuamua kesi za mashamba hawezi kushindwa kuuliza kuku walikuwa wangapi na walikwenda wapi. Wazee wetu, tunawaomba: ulizeni.

Tusisubiri amri kutoka juu. Tangu mageuzi ya 2025, Burundi imetoka mikoa 18 hadi 5, na komine 119 hadi 42. Jina la Muyinga, lililokuwa la mkoa, sasa ni la komine ndani ya mkoa wa Buhumuza. Kwa wengi wetu vijijini ofisi imesogea mbali zaidi, na hakuna atakayepanda kilima kuja kuhesabu maandazi. Ni juu yetu.

Ninyi mlioondoka, mlioko Bujumbura, Gitega mjini, Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya na Kanada, shule iliyowafundisha kusoma bado ipo. Kila mmoja atafute namna yake ya kusaidia, lakini msitume pesa ya kununulia meza ya wakubwa.

Walimu, siwageuzi maadui. Najua mnabanwa, najua mshahara wenu, na najua nani humlaumu mwalimu mkuu mgeni akiondoka na njaa. Lakini mwalimu anayemtoa mtoto kwenye mstari kwa ajili ya faranga 2,000 amemfundisha somo ambalo hatalisahau. Msilifundishe. Mkibanwa, semeni wazazi wamekataa, mtusukumie sisi lawama. Tutaibeba.

Nanyi wageni wa heshima, nawasihi kwa unyenyekevu: ikataeni ile meza. Mkiona viti vyenu viko kivulini na watoto wako juani, msikae. Mkiletewa sahani kabla yao, irudisheni. Mmoja wenu akifanya hivyo mara moja tu, mbele ya watu, shule kumi za jirani zitasikia kabla ya jua kuzama.

Mwaka wa shule huanza Septemba, na kikao cha wazazi huitishwa muda mfupi baadaye. Mama, baba, uende mwenyewe, usimtume mtoto. Ukisikia mchango unapangwa na chakula cha watoto hakijatajwa, simama uulize: watoto watakula nini, na saa ngapi? Usikae mpaka ujibiwe.