Mtoto akitaka samaki wa bahari sebuleni

Likizo ikiisha, familia nyingi za Morogoro hurudi kutoka Dar es Salaam na mizigo, zawadi na ombi jipya la mtoto. Ameona tangi la kioo dukani au hotelini, ndani yake samaki wadogo wenye rangi kali wakijificha kwenye mawe. "Mama, na sisi tufuge." Mzazi anatazama pembe ya sebule, anaona tangi la lita 20 litaenea, na samaki wenyewe hawazidi ukubwa wa kucha. Anadhani kazi yake itakuwa ndogo kama samaki wenyewe.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Katika ufugaji wa samaki wa mapambo, tangi likiwa dogo, kosa huwa kubwa. Maji machache hupata joto haraka, huchafuka haraka na hubadilika chumvi haraka. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, mzazi anapaswa kujua anachoingiza nyumbani, hasa kama kuna mtoto mdogo anayetambaa.

Samaki wenyewe ni nani?

Wanaotafutwa zaidi kwa matangi madogo ya maji ya chumvi ni gobi. Ni kundi kubwa la samaki, na wengi wao hawafiki urefu wa kidole cha mtu mzima. Gobi wengi wana mapezi ya tumboni yaliyoungana kama kikombe, yanayowasaidia kung'ang'ania jiwe mawimbi yakipiga. Waliotembelea mikoko ya Bagamoyo au Dar es Salaam huenda wamewaona ndugu zao bila kujua: wale samaki wadogo wenye macho ya juu ya kichwa, wanaorukaruka kwenye tope maji yakipwa.

Wapo gobi wanaoishi shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari. Gobi hukaa mlangoni kama mlinzi. Kamba huweka kipapasio chake juu ya mwili wa samaki, na gobi akitikisa mkia kwa hofu, wote wawili huzama shimoni. Mtoto akiona jambo hilo, si ajabu akasahau televisheni kwa muda.

Chumvi ya jikoni haifai

Morogoro iko karibu kilomita 200 kutoka baharini, kwa hiyo maji ya bahari hutengenezwa nyumbani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 20 linahitaji gramu 700 hivi za chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya kupikia haiwezi kushika nafasi yake. Bahari ina magnesi, kalsiamu na potasiamu ambazo viumbe wake huzihitaji, na pakiti ya jikoni haina vitu hivyo kwa kiwango kinachotakiwa.

Jambo la pili ni joto la Morogoro. Maji yakikauka, chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 20 likipoteza lita moja tu, gramu 35 kwa lita hupanda na kukaribia 37. Kwa hiyo kila siku tangi huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi, kufikia alama iliyochorwa kwenye kioo. Anayeongeza maji ya chumvi kila yanapopungua atashangaa kukuta samaki wamekufa ndani ya wiki chache. Kifaa kiitwacho haidromita hupima chumvi, na bila hicho mzazi anakisia tu.

Samaki wa miamba ya bahari hupenda maji ya nyuzi joto 24 hadi 27. Mchana wa Novemba au Februari, sebule ya Morogoro inaweza kupita kiwango hicho kwa urahisi. Tangi liwekwe mbali na dirisha la jua, na feni ndogo ipulize juu ya maji. Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua. Pampu ndogo ya betri ni sehemu ya bei ya tangi, na anayeiona ni anasa bora asianze.

Maji ya bomba nayo huwekwa dawa ya klorini ili yawe salama kwa watu. Dawa hiyo huua samaki na bakteria wema wa tangini. Maji yakiachwa kwenye ndoo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hupungua sana, na madukani kuna dawa ya kuiondoa mara moja. Ndoo hiyo ndiyo inayotuleta kwenye suala la usalama.

Usalama wa watoto

Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimeta chache tu. Ndoo ya kubadilishia maji ya tangi ni hatari kuliko tangi lenyewe, kwa sababu huwekwa sakafuni na kusahaulika. Iwe na mfuniko, au ikae bafuni mlango ukiwa umefungwa.

Ndoo na mabeseni yasiyotumika yamwagwe. Mbu wa dengi aina ya Aedes hupenda maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani, na katika joto mayai yake yanaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Tanzania ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Tangi lenye samaki na maji yanayozunguka si tatizo. Tatizo ni vyombo vilivyoachwa uani.

Maji ya chumvi na umeme havipatani. Waya wa pampu ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mtu asiingize mkono tangini kabla ya kuzima vifaa vyote.

Mwenye kidonda mkononi asiguse maji ya tangi. Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa mbali wa bakteria wa kifua kikuu, anayeweza kuingia kupitia mchubuko. Husababisha uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki nyingi, mara nyingi kwenye vidole au mkono. Mgonjwa akienda hospitali aseme wazi kwamba anafuga samaki. Taarifa hiyo ndogo inaweza kuokoa miezi ya dawa zisizo sahihi. Na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa tangi.

Usichemshe mawe ya bahari

Onyo hili linastahili nafasi yake. Mawe yanayouzwa kwa ajili ya matangi ya bahari wakati mwingine huwa na viumbe laini kama vitufe au maua madogo, viitwavyo zoanthidi. Baadhi yao wana sumu kali sana iitwayo palitoksini. Mzazi wa kwetu, aliyezoea kuchemsha maji ya kunywa, anaweza kuona busara kuchemsha jiwe ili kuua vijidudu. Katika nchi za Ulaya na Marekani, familia zimefikishwa hospitali baada ya kuvuta mvuke wa mawe ya namna hiyo, au baada ya kuyasugua kwa brashi.

Mawe hayo yasichemshwe, yasimwagiwe maji ya moto, yasisuguliwe ndani ya nyumba. Kwa familia yenye watoto, njia salama ni kuanza na mawe makavu yasiyo na kiumbe juu yake. Wala mtu asibomoe matumbawe pwani kwa ajili ya sebule yake. Ndiyo nyumba ya samaki wanaovuliwa, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Maisha mafupi

Jambo ambalo huenda muuzaji hatalitaja ni umri. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walionyesha kwamba gobi mmoja mdogo wa miamba, Eviota sigillata, haishi zaidi ya siku 59. Si gobi wote wana maisha mafupi hivyo, na wapo wanaoishi miaka kadhaa. Lakini kwa wale wadogo kabisa, kifo kitafika mapema hata mfugaji akifanya kila kitu sawasawa.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, huenda huo ukawa msiba wake wa kwanza. Watu wazima hupenda kusema "amelala" au "amesafiri." Mtoto wa umri huo huchukua maneno kama yalivyo. Akiambiwa samaki amelala na hataamka, anaweza kuanza kuogopa kitanda chake. Neno sahihi ni "amekufa", na maelezo mafupi yanatosha: mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi, hatarudi. Akiuliza swali lile lile mara tano, ajibiwe mara tano. Samaki azikwe chini ya mpapai, na mtoto akitaka kulia aachwe alie.

Samaki asiyetakiwa tena asitupwe mtoni. Maji ya Uluguru hushuka hadi mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaukunywa, na hatimaye baharini. Ziwa Victoria lilikwisha tufundisha kwa sangara namna samaki mgeni anavyoweza kubadilisha maji ya wengine.

Wapo pia wa nyumbani

Mzazi akiona bahari ni mzigo, maji baridi ni rahisi zaidi, na ufugaji wa samaki unafundishwa hapo hapo mjini katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mkoa wa Morogoro wenyewe una maajabu yake. Mwaka 1977 mtaalamu Wildekamp alitangaza aina mpya ya samaki kutoka Kimamba, Kilosa: Nothobranchius steinforti. Huishi kwenye madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka wazazi hufa, lakini mayai hubaki kwenye tope hadi mvua irudi. Hao waachwe huko huko, ila mtoto anaweza kusimuliwa habari zao akipita karibu na dimbwi.

Wiki sita za majaribio

Kwa atakayeamua kuanza, kuna sharti moja linalosaidia kila upande. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wema wanaoibadilisha huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka kwenye mchanga na mawe. Katika muda huo tangi hukaa na maji ya chumvi bila samaki, likiwekewa chakula kidogo cha samaki mara kwa mara ili bakteria wapate cha kula.

Mpe mtoto daftari. Kila asubuhi aandike joto la maji, aongeze maji baridi hadi kwenye alama na akague kama pampu inazunguka, mzazi akiwa pembeni. Wiki ya sita ikifika na daftari limejaa, nunua gobi wawili. Likiishia siku ya tisa, familia itakuwa imejua jibu lake, na hakuna samaki aliyekufa kwa ajili hiyo.