Boila kuukuu: tuitengeneze au tuibadilishe?



Wiki hii tunajibu barua ya dada yetu anayeishi Coventry, Uingereza, pamoja na mumewe, watoto watatu na mama mkwe aliyepindukia miaka 70. Nyumba yao hupashwa joto na boila, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji na kuyazungusha kwa mabomba hadi kwenye vyuma vilivyowekwa ukutani katika kila chumba. Boila hiyo ina umri wa miaka 20, na baridi hii imekwishazimika mara mbili. Fundi amewashauri wanunue mpya kwa mkopo. Mume anasema chombo kingali kinafanya kazi, na akiba iliyopo wamemwekea mama ya Umra. Dada anauliza: tufanye lipi?

Jambo la kwanza ni usalama. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na waliokuwamo. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hizo aliutaja moto kuwa ni adui, akaagiza uzimwe kabla ya kulala. Boila ni moto ambao huweza kuwaka sisi tumelala. Ikichakaa, au bomba lake la moshi likiziba, huweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani huku kwetu. Mwali wa manjano badala ya buluu, masizi kandokando ya mtambo, na maumivu ya kichwa yanayotulia mtu akitoka nje, zote ni dalili za hatari. Mkiziona, zimeni boila, fungueni madirisha, tokeni nje, kisha pigeni simu ya dharura ya gesi.

Kwa hiyo mwanzo ni kukagua, kununua baadaye. Mwiteni fundi mwingine, si yule anayetaka kuuza, na awe amesajiliwa na Gas Safe Register, daftari linalotambuliwa kisheria huko tangu 2009. Mwombeni kitambulisho. Akisema mtambo ni wa hatari, mjadala umekwisha: ung'olewe, na Umra isubiri. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu.

Jambo la pili ni gharama, iwapo mtambo ni salama. Tangu 2005 sheria ya huko imetaka boila mpya ziwe, kwa kawaida, za aina inayonasa joto la moshi kabla haujatoka. Nyingi za zamani hupoteza kiasi cha robo ya joto. Hizi mpya hupoteza sehemu moja katika kumi hivi. Tuseme mnalipa pauni 1,200 za gesi kwa mwaka: mtaokoa kama pauni 200. Ikiwa boila na ufundi ni pauni 2,500, fedha hiyo itarudi baada ya miaka 12 na zaidi. Basi kuokoa gesi peke yake si hoja ya kukimbilia deni. Lakini vipuri vikiwa havipatikani tena, kutengeneza kila mwezi nako ni kupoteza mali.

Jambo la tatu ni malipo. Kununua kwa awamu, kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo isiyoongezeka, kumeruhusiwa na wanazuoni walio wengi. Kukopeshwa fedha ili urejeshe na ziada ni riba, hata ikipewa jina jingine. Someni mkataba wote kabla ya kutia saini.

Rai yetu ni hii: ukaguzi ukipita salama, itengenezeni, wekeni kando kiasi kila mwezi, na mbadilishe wakati wa kiangazi, mafundi wanapokuwa na nafasi. Ikizimika tena, birika la umeme litamtosha mama kwa udhu wa alfajiri.

Tena, mama mwenyewe ashirikishwe. Mwenyezi Mungu ametaja mashauriano ya wazazi hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Vipi basi akiba iliyowekwa kwa ajili yake iamuliwe pasi na yeye kuulizwa? Huenda akawa wa kwanza kusema, “Wajukuu wangu walale salama, Makka nitakwenda In shaa Allah.”

Wabillahi tawfiiq.