Cheti cha Mtoto si Rehani

Wapiganiaji wenzangu wa mageuzi, ndugu waumini wa makanisa yote:

Upo wizi usiofanywa usiku, na mwenye kuufanya hafichi uso wake. Hufanywa mchana, katika afisi yenye picha ya Rais ukutani. Ni ule wa kuchukua cheti cha KCSE cha mtoto wa maskini na kukifungia kabatini hadi salio la karo lilipwe. Nimeuita wizi makusudi, na nitaonyesha kwamba sheria iko upande wangu. Nitaonyesha pia kwamba mwalimu mkuu mwenye ufunguo wa kabati hilo siye mwizi mkubwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, alinijia mama auzaye mitumba katika soko la Toi, hatua chache kutoka maduka ya Adams Arcade. Hakuwa na karatasi yoyote, ila tarakimu moja tu kichwani: Sh38,000. Hilo ndilo salio alilodaiwa bintiye alipomaliza kidato cha nne. Binti alifaulu, akapata alama ya C. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Chuo hakikumpokea kwa kuwa hakuwa na cheti halisi, na sasa alikuwa akifua nguo katika maghorofa ya Kilimani kwa kibarua cha kutwa. Mama akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka:

"Wakili, mwanangu amemaliza shule au hajamaliza?"

Katika hesabu za Serikali, amemaliza. Jina lake limo miongoni mwa watahiniwa, na waziri ameshamjumlisha katika hotuba. Lakini mlangoni mwa chuo, katika uwanja wa kuwaandikisha makurutu wa polisi, na mbele ya mwajiri anayetaka kuona karatasi, hajamaliza. Tarakimu tunazosomewa matokeo yanapotangazwa zina matundu mawili, na watoto wa makabwela ndio wanaodondoka katika yote mawili.

Tundu la kwanza ni la wale wasiofika mtihanini. Waliofanya KCPE ya mwaka 2020, ambayo kwa sababu ya Korona ilifanywa Machi 2021, walikuwa zaidi ya 1,179,000. Hao ndio waliotarajiwa kufanya KCSE mwishoni mwa 2024. Waliofanya KCSE mwaka huo walikuwa kama 962,000, na katika hesabu hiyo wamo pia watahiniwa wa kibinafsi na waliorudia mtihani. Pengo ni la watoto karibu 217,000. Naam, baadhi yao walikwenda vyuo vya ufundi, na wengine wamechelewa kwa mwaka mmoja au zaidi. Lakini ni wangapi? Serikali iliyotangaza mwaka 2018 kwamba asilimia 100 ya watoto wataingia sekondari ilipaswa kuwa ya kwanza kutueleza ni wangapi waliotoka upande wa pili. Badala yake tulialikwa kuwashangilia 1,693 waliopata alama ya A. Wanastahili pongezi. Lakini kwa kila mmoja wao, watoto 128 wa rika lake hawakuonekana, wala hapakutumwa mtu kuwatafuta.

Tundu la pili ni la binti wa Toi na wenzake: waliofika, wakafanya, wakafaulu, kisha wakanyimwa karatasi. Idadi yao haitajwi katika hotuba ya siku ya matokeo.

Sasa tuifungue sheria. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inahesabu sekondari kuwa sehemu ya elimu hiyo. Kifungu chake cha 29 kinakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo, na kinasema kwamba hata pale malipo mengine yanaporuhusiwa, mtoto hatafukuzwa kwa kushindwa kuyalipa. Nayo Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012, katika kifungu cha 10, inasema waziwazi kwamba cheti cha mtahiniwa hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Bunge halikuandika "isipokuwa kwa deni", wala halikuandika "ila kwa idhini ya mwalimu mkuu".

Tena sheria hiyo hiyo ya 2013, katika kifungu cha 30, inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shuleni kuwa mkosaji. Tazameni basi upotovu huu: mzazi akimweka mtoto nyumbani kwa kukosa fedha, anaweza kushtakiwa; shule ikimrudisha mtoto huyo nyumbani kwa kukosa fedha, hakuna anayeshtakiwa.

Wapo watakaoniuliza: shule itaishije? Mpishi anadai mshahara, na muuza maharagwe anadai fedha zake. Swali hilo ni la haki na halipaswi kudharauliwa. Jibu langu la kwanza ni kwamba deni la karo ni la mzazi. Mtoto hakutia saini popote. Ikiwa shule inadai, milango ya kudai iko wazi: ipatane na mzazi alipe kidogo kidogo, au iende katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kusikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Kumnyang'anya mtoto chombo chake cha kutafutia riziki si njia ya kudai deni. Ninyi msomao Maandiko mnajua kwamba Torati ilikataza kuweka rehani jiwe la kusagia la mtu, kwa kuwa ndilo linalomlisha. Kwa kijana wa Kibera au Kawangware, cheti ndicho jiwe lake la kusagia. Na yule anayetaka alipwe Sh38,000 na binti asiye na kazi, huku ameifungia kabatini karatasi ambayo ingempatia kazi, anajikatia mwenyewe tawi alilokalia.

Jibu la pili ndilo zito zaidi. Mdaiwa mkubwa wa shule za Kenya si mama wa Toi. Ni Serikali.

Elimu ya sekondari ya kutwa ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2008, Serikali iliahidi Sh10,265 kwa kila mwanafunzi. Kufikia 2018 ahadi ilikuwa Sh22,244. Mnamo Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haimudu tena kiasi hicho, na kwamba kinachotolewa ni kama Sh16,900. Fanyeni hesabu wenyewe. Upungufu ni Sh5,344 kwa kila mtoto. Shule yenye wanafunzi 500 inakosa Sh2,672,000 kwa mwaka. Mwalimu mkuu huyo atazitoa wapi? Hawezi kulifungia kabati la Hazina Kuu, kwa hiyo analifungia la maskini. Hivyo deni la Serikali linateremka ngazi moja baada ya nyingine, hadi linamwangukia aliye chini kabisa, asiye na wa kumwangushia.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1988 utawala wa chama kimoja, kwa Waraka wa Kikao Namba 6, uliwatwika wazazi mzigo kwa jina tamu la kugawana gharama. Waliopigania vyama vingi hawakutaka kura peke yake. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi waliamini kwamba raia hatahitaji tena kumpigia magoti mkubwa ili apate kilicho haki yake. Leo magoti bado yanapigwa. Mzazi anayekosa karo anaambiwa apange foleni ya basari, na hundi ya basari hukabidhiwa hadharani kwenye jukwaa, picha zikipigwa, kana kwamba fedha hizo zimetoka mfukoni mwa mheshimiwa. Wapiga kura wanafundishwa kushukuru kwa fedha zao wenyewe. Zamani uliulizwa kadi ya chama. Siku hizi unaulizwa unamuunga mkono nani. Haki ikishageuzwa kuwa fadhila, hata vyama vikiwa mia, tabia ni ile ile ya chama kimoja.

Wala tusidhani kwamba mtaala mpya utaliponya donda hili wenyewe. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu. Jina la cheti litabadilika. Lakini karo isipolipwa, kabati litakuwa lile lile na kufuli ile ile.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila cheti kilichozuiliwa kitolewe bila sharti, na Wizara iache kutoa maagizo yasiyofuatiliwa. Imchukulie hatua anayeyakaidi. Pili, Serikali ichapishe kila mwaka hesabu ya kila rika: walioingia, waliotoka njiani na sababu zake, waliofanya mtihani, na waliopokea vyeti mikononi mwao. Tatu, mgao wa shule ulipwe wote, na kwa wakati, kabla ya kumfikiria mzazi kuwa mkosaji.

Na kwenu waumini nina neno lisilopendeza. Makanisa ni wadhamini wa shule nyingi katika nchi hii, na baadhi ya makabati hayo ni yetu. Hatuwezi kuikemea Serikali Jumapili, kisha Jumatatu bodi yetu ikakalia vyeti vya watoto. Tuanze kwa kusafisha nyumba yetu. Kila parokia na kila ushirika uandike orodha ya vijana wake wasio na vyeti. Kila mmoja aandikiwe barua kwa shule yake, ikitaja kifungu cha 10. Na orodha zikishakusanywa, tuiulize Wizara idadi kamili ya vyeti vilivyozuiliwa, kwa kutumia Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa wa umma siku 21 za kujibu. Tusipojibiwa, twende mahakamani, na mawakili walio miongoni mwetu wasitoze ada kwa kazi hiyo.

Mama wa Toi alikwenda na barua ya ukurasa mmoja. Cheti kilitolewa baada ya siku tisa. Naandika haya kwa sababu ya ile miaka mitatu ambayo hakuna barua itakayoirudisha, na kwa sababu ya wasichana na wavulana ambao hadi leo hawajaambiwa kwamba barua hiyo inaweza kuandikwa. Waambieni.